Mafuta ya Mandazi na Nyanya za Rispah

Rispah hukaanga mandazi sokoni Ndalu. Mafuta yakichakaa, humpa Jepkoech, mtaalamu wa maabara ya Kibomet, Kitale. Huko hutengenezwa dawa ya ukungu wa nyanya, na shamba la Rispah ni la majaribio.

Ukungu ulipoingia kwa majirani, Rispah hakungoja dawa. Si inatoka kwa mafuta yangu? alijiambia. Akayakoroga na maji, akanyunyizia mistari miwili saa sita mchana. Siku ya tatu majani yalikuwa yameungua.

Shemeji yake Wangila akaja kucheka. "Ati mjane mwanasayansi! Ng'oa hizo nyanya. Nakupa wiki tatu. Zikiisha, naleta ng'ombe tulime mahindi."

"Mume wangu aliniachia shamba hili mimi," Rispah alisema. "Sing'oi."



Jepkoech alipofika alishika kichwa. "Mama, mafuta peke yake si dawa. Inachoma majani. Sisi tunatumia bakteria, vijidudu hata macho haioni. Tumebadilisha jeni zao, yaani maagizo ya kazi yenye iko ndani yao. Tunawalisha asidi za mafuta kutoka kwa mafuta yako. Wanazigeuza kuwa kitu kama sabuni. Hiyo ndiyo inapasua vimelea vya ukungu."

"Na wakitoroka, si watatuumiza?"

"Tulichagua wale hawaleti ugonjwa. Tena wanakaa ndani ya tangi limefungwa. Kazi ikiisha, tunawaua kwa joto, tunachuja. Wewe unapata dawa tu. Lakini sikia, haifufui jani limeoza. Inakinga lile zima. Nyunyizia jioni, kwa kipimo, na uvae glavu."

Majirani walinong'ona kwamba analeta vijidudu kijijini. Rispah aliwajibu wazi, akaendelea kunyunyizia dawa aliyoachiwa na Jepkoech. Kila jani lenye doa alilichuma na kulizika.

Wiki tatu zikaisha. Wangila akaja na ng'ombe na plau. Alisimama kando ya shamba, mdomo wazi. Nyanya za majirani zilikuwa nyeusi. Za Rispah zilianza kuiva.

"Geuza ng'ombe, shemeji," Rispah alisema. "Hapa halimi mtu."

Wangila alikohoa. "Sasa hiyo dawa, si uniuzie kidogo bana?"

"Haiuzwi. Bado inajaribiwa. Enda kwa Jepkoech ujiandikishe kama mimi. Na ukirudi hapa, upige hodi."