Mume Wangu Alinipita Nikizama

Nilimwona kwa macho yangu mawili.

Kayaki yangu imepinduka, nimemeza maji mpaka yananitokea puani, nimeng'ang'ania jiwe kwa mkono mmoja... na mume wangu wa ndoa akanipita!

Hatua tatu tu kutoka nilipokuwa. Akanitazama. Akapiga ukelele, sikusikia neno hata moja kwa ngurumo ya maji. Kisha akainamia kasia lake, huyooo, akashuka na mto.

"Fundi! Fundi, nakufaaa!"

Hakugeuka.

Wengi wenu kisa hiki mnakijua. Nilikiposti mwenyewe siku ile ile nikiwa bado nimelowa, mkakisambaza kuliko msuko wowote niliowahi kuweka hapa. Leo nimekuja kusema yaliyobaki. Naomba msome mpaka mwisho, maana sina nguvu ya kuandika mara mbili.

Mimi ni msusi. Mume wangu alikuwa akitengeneza majokofu, ndiyo maana hata nyumbani nilimwita Fundi. Miezi mitatu kabla ya safari nilikuwa namshuku. Simu anailaza kifudifudi. Ikilia, anatoka nje. Nikiuliza, "Ni mteja." Jamani, mteja gani wa jokofu anapiga Jumapili saa moja asubuhi, halafu mnacheka?

Safari ya mtoni aliipanga yeye. Siku mbili, kayaki na mahema, watu wanane. Nilikubali, lakini sikwenda kustarehe. Nilikwenda kumchunga.

Jumamosi asubuhi, kabla hatujaingia majini, kiongozi wa safari akatuita. Mtu mfupi, sauti kama spika ya mkutano. Tulimbatiza Kamanda. Akaanza kueleza sheria za mto. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya jiwe natafuta mtandao nirushe selfi.

"Mke wangu, njoo usikilize," Fundi akasema.

"Utanisimulia."

"Haya mambo si ya kusimuliwa..."

"Nimesema utanisimulia! Au una haraka ya kupokea simu?"

Akarudi kusikiliza peke yake. Tukaingia mtoni tumenuniana, kila mtu na kayaki yake.

Kamanda alitangulia na wenzetu, sisi tukawa wa mwisho. Tukafika mahali mto unagawanyika mara mbili kuzunguka kisiwa cha mawe. Hapo ndipo nilipopinduka, na hapo ndipo aliponipita.

Jiwe likaniponyoka. Maji yakanizoa upande wa kushoto wa kisiwa, jaketi la kuelea likanishikilia juu juu, nikatupwa mchangani. Nilikuwa mzima! Nikakaa pale nalia, na wala sikuwa na jeraha. Ilikuwa hasira.

Nikatembea ukingoni karibu nusu saa, saa sita nikafika kambini. Kamanda na wenzetu walikuwa wanasimamisha mahema.

"Mwenzako yuko wapi?" Kamanda akauliza kabla hata sijakaa.

"Mwenzangu nani? Yule kaniacha nife!"

"Dada, sikiliza. Yuko wapi?"

"Kaenda zake!"

"Umemwona akitoka majini?"

Ndugu zangu... ni hapa.

Sikumwona. Nilichoona ni mgongo wake ukipotea kwenye kona. Lakini nilikuwa nawaka, na kichwani nilishamaliza kila kitu: katoka, kafika barabarani, yuko na huyo mteja wake wanacheka.

"Nimemwona," nikasema. "Katoka, kapanda ukingo, kaondoka. Usihangaike naye."

Kamanda akashusha pumzi, akarudi kwenye mahema.

Mimi nikatoa simu kwenye mfuko wake usioingiza maji, nikapata mtandao, nikaandika. Si mnakumbuka? "Wanawake wenzangu, leo mume wangu kaniacha nizame." Komenti zikamiminika! "Huyo ni muuaji." "Afe huko huko." "Pole mamii, Mungu kakuonyesha." Nilikuwa nawajibu mmoja mmoja, na kusema kweli nilikuwa napoa.

Saa nane mchana Kamanda akanijia, uso umembadilika.

"Dada, dereva wetu yuko barabarani tangu asubuhi. Hajapita mtu yeyote."

Nikaiweka simu chini.

"Umemwona kweli?" akauliza.

"Nilimwona... nilimwona akikata kona."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichukua kamba na wanaume wawili, wakaanza kukimbia kupandisha mto. Nikawafuata.

Upande wa kulia wa kisiwa, nyuma ya ile kona, kuna mti mkubwa umeangukia majini. Kayaki yangu ya njano ilikuwa imenasa kwenye matawi yake. Kayaki ya Fundi imevutwa vizuri mchangani. Kamba imefungwa kwenye shina. Na juu ya jiwe, jaketi lake.

"Mbona kavua?" nikauliza.

"Ukiwa nalo huwezi kupiga mbizi," Kamanda akasema. "Ameona kayaki yako, akadhani uko chini ya huo mti."

Walimtoa kwenye matawi. Viganja vyake vilikuwa vimechunika. Kamanda akavigeuza juu.

"Alinasa, akashikilia tawi muda mrefu," akasema.

Nikampigia kelele, "Sasa kwa nini alinipita? Si angenishika pale pale!"

"Ndiyo sheria ya kwanza niliyowapa asubuhi. Aliyepinduka humvamii, atakuzamisha. Unampita, unasimama mbele na kamba, mto unakuletea. Alikaa kukungoja huku. Wewe mto ukakupeleka kule."

Wote walilijua hilo. Wote saba walikuwa wamesikiliza.

Na yule mteja? Sijui. Simu yake ilizama naye. Labda alikuwa na mtu, labda hakuwa na mtu. Hata kama alikuwa naye, aliyemtafuta chini ya maji ni mimi.

Mnaoniuliza nimejifunza nini, basi chukueni hili: ukiulizwa ulichokiona, jibu ulichokiona. Usijibu unachokishuku. Kama ningesema tu "Sijui, alikata kona," watu wangekimbia mapema, saa mbili nzima kabla, na vile viganja vilikuwa bado vimeshika.

Posti yangu na komenti zenu sijazifuta. Nikizifuta nitajifanya si mimi niliyeanza.

Siku ya mazishi mama mkwe aliniita chumbani kwake. Nilijua ananifukuza. Akafunga mlango, akanishika mkono, akaketi nami kitandani.

"Wifi yako alinisomea uliyoandika," akasema. "Neno kwa neno. Mwanangu kamwacha mkewe azame. Nikaona aibu mbele ya majirani, nikasimama uani, nikasema kwa sauti wote wasikie: huyo si mwanangu tena, na radhi yangu hana."

Nikaanza kulia. Akanitikisa mkono ninyamaze.

"Ilikuwa kama saa saba hivi. Niambie wewe uliyekuwepo, mwanangu. Saa saba, alikuwa bado hai?"