Mlima Nyuma ya Treni

Kinya hakuwa na subira na watu wanaotaka kuonekana mahali ambapo hawajawahi kufika, na kwa bahati mbaya hao ndio waliokuwa wateja wake. Duka lake la mabango na mapazia ya studio lilikuwa mjini Embu, hatua chache kutoka stendi, na Ijumaa ile foleni ilifika hadi mlangoni kwa Zuleka, muuza viatu. Mmoja alitaka apigwe picha mbele ya maporomoko ya maji na gari jekundu. Mwingine alitaka mnara wa Paris kwa mahafali ya chekechea. Kinya aliwapa walichotaka, akawadharau kimoyomoyo, nao wakaenda zao wamefurahi.

Aliyefuata alikuwa mwanamume mrefu kupita kiasi, amevaa sweta ya kahawia yenye viraka vya ngozi viwikoni, na suruali iliyopigwa pasi vibaya hadi kila mguu ukawa na mistari miwili. Alikumbatia boksi la viatu kama mtu aliyebeba mayai.

"Nataka background," akasema. "Mita mbili na nusu kwa upana. Kwenda juu, sentimita arobaini tu."

"Sentimita arobaini? Kwani unapiga kuku picha?"

Foleni ikacheka. Yule bwana akafungua boksi, akatoa treni. Ilikuwa na kichwa na mabehewa matatu, kila behewa urefu wa kidole, na madirishani walikaa abiria wadogo kama punje za mchele.

"Ni ya mtoto?"

"Ni yangu."

"Haya."

Katika neno hilo moja Kinya alitia dharau ya kumfukuza mtu yeyote mwenye aibu. Huyu hakuwa nayo. Alitoa simu, akamwonyesha picha ya milima ya theluji, misonobari na nyumba za mbao zenye maua madirishani.

"Ni Uswisi," akasema kwa fahari.

"Umeshafika?"

"Bado."

"Na reli yako inatoka wapi inaenda wapi?"

"Embu kwenda Meru."

Kinya akaweka kalamu chini. "Wewe ni mwalimu, sivyo? Naona chaki kwa mkono."

"Wa Physics."

"Nilijua. Embu kwenda Meru hakuna reli, hakujawahi kuwa na reli, na wewe umejijengea yako halafu ukaipitisha kwa barafu ya wazungu. Mimi sichapishi hiyo takataka, Mwalimu. Rudi ukiwa na akili."

"Basi njoo unichagulie inayofaa," akasema yule bwana bila kukasirika. "Naitwa Rwamba. Nakaa hapa Embu, mtaa wa Dallas."

Zuleka aliangua kicheko huko mlangoni kwake, na Kinya akamkata jicho.

Jumapili baada ya kanisa alikwenda. Alijiambia anakwenda kucheka tu. Alivaa gauni lake la kijani lililombana kiunoni na hereni za shaba, kwa maana kwenda kumcheka mtu si sababu ya kwenda ovyo.

Sebuleni, mahali ambapo binadamu wa kawaida huweka televisheni, palikuwa na meza iliyojaa reli. Kulikuwa na madaraja, vibanda, hata ng'ombe. Meza ilimfika Rwamba kifuani. Kinya, ambaye hakuwa mrefu hata akivaa viatu vya Zuleka vya kisigino, ilimbidi apande kwenye stuli.

"Kwa nini iko juu hivi?"

"Ni lazima," akasema Rwamba. "Kwenye picha ya nyuma, pale anga linapokutana na ardhi, pawe sawasawa na macho ya anayetazama. Ukikosea kidogo tu, jicho linajua linadanganywa. Treni inabaki kuwa kidude."

"Ni kidude."

"Subiri uone."

Kinya aliona. Rwamba alipoiwasha treni ikajikokota kupita daraja, kitu fulani kilimgusa kifuani, akakasirika.

Walichagua mandhari kwa miezi miwili. Walijaribu mashamba ya chai ya Manyatta. Yalikuwa ya kijani mno, treni ikamezwa. Walijaribu bonde la Rupingazi. Mto ukaonekana kama lami. Rwamba akapendekeza mji wenyewe, Kinya akamwuliza ni abiria gani mwenye heshima zake atachungulia dirishani atazame maduka ya mabati. Katikati ya hayo yote kulikuwa na chai nyingi, na simu kila adhuhuri.

"Bosi, umekula?"

"Nimekula. Unataka nini?"

"Kusikia ukinitusi."

"Niko na kazi, Mwalimu."

"Tusi moja tu, fupi."

"Suruali yako iko na mistari miwili."

"Asante, mpenzi." Na akakata simu kabla Kinya hajapata nafasi ya kulikataa neno lile.

Hatimaye wakakubaliana: Mlima Kenya. Kinya akasema hatauchapisha, atauchora kwa mkono, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu yeyote tangu afungue duka. Kulikuwa na mengine ambayo hakuyasema. Shangazi yake wa Meru mjini alikuwa akistaafu na kumwachia studio nzima, ndoto yake ya miaka mingi, naye Kinya alikuwa akimpiga shangazi chenga kila alipopiga simu. Sababu ya chenga hizo ilikuwa na urefu wa futi sita na haikujua kupiga pasi.

Alichora kwa wiki tatu. Milima ya mbali aliififisha kwa buluu hafifu, ya karibu akaipa misitu. Siku ya kupeleka, Rwamba alilitandaza pazia ukutani nyuma ya meza, akarudi nyuma, akalitazama.

"Ni nzuri sana," akasema.

"Lakini?"

"Lakini umeugeuza. Ile ncha ndefu iko kushoto. Wewe umeiweka kulia."

"Iko kulia. Nimeutazama huo mlima kila asubuhi nikienda shule Kianjai, kwetu Meru."

"Na mimi nimeutazama kila asubuhi nikienda shule hapa Embu."

"Basi nyinyi mnaangaliaga mgongo."

"Mgongo ni wa kwenu, mpenzi. Uso uko huku."

Watoto wa Kianjai huuchora mlima ule kutoka upande mmoja na watoto wa Embu kutoka upande mwingine, na wote hupewa alama kamili na walimu wao. Si Kinya wala Rwamba aliyewahi kufikiri kwamba mlima una upande wa pili. Hilo lingesameheka. Lakini Rwamba, huku akicheka, alichomoa penseli nyuma ya sikio na kwa mazoea ya miaka kumi ya kusahihisha madaftari akatia alama ya mkasi juu ya ncha ya Kinya, kisha akachora mshale kwenda kushoto.

Kinya akatazama ule mkasi. Wiki tatu za siri ya moyo wake zote zilikuwa pale, zimekosolewa kwa penseli.

"Baki na Uswisi yako," akasema. "Hata hiyo hukustahili."

Jioni hiyo hiyo akampigia shangazi: mwezi ukiisha, anakuja.

Rwamba alipiga simu siku sita. Kinya aliitazama simu ikilia, akaendelea kukata mabango. Siku ya saba haikulia, na hapo ndipo Kinya alipougua kweli.

"Si ulitaka anyamaze?" akauliza Zuleka.

"Mwanamume wa siku sita. Hata homa hukaa zaidi."

"Mpigie wewe, dada."

"Nimpigie kwa sababu gani? Nimwombe marks?"

Jumamosi ya mwisho wa mwezi maboksi yalikuwa yamefungwa, na gari la kwenda Meru lingekuja saa tisa. Zuleka alikuwa akifagia pamoja naye, macho mekundu. "Pazia lako bado liko huko Dallas," akasema. "Utamwachia kazi ya mikono yako?"

Kinya akaenda kulichukua. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa njiani.

Mlango ulikuwa wazi. Sakafuni kulikuwa na vumbi la mbao na vipande vinne vya miguu ya meza, vimekatwa kwa msumeno. Rwamba alisimama katikati, sweta imejaa vumbi. Pazia lilikuwa ukutani, limeshushwa, na penseli ilikuwa imefutwa kwa uangalifu hadi hakuna alama. Ncha ndefu ilikuwa bado kulia.

"Nilienda Kianjai Jumamosi iliyopita," akasema Rwamba. "Nikasimama sokoni nikautazama mlima, mpaka mama mmoja wa viazi akaniuliza kama nimepotelewa na mtu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndiyo."

Kinya akatazama vile vipande vya miguu ya meza.

"Iko kulia," Rwamba akaendelea. "Nilikosea, na hata kama ningekuwa sawa, ile penseli ilikuwa ujinga. Nisamehe, Kinya."

Kinya akasogea mezani. Hakuhitaji stuli. Mahali anga la pazia lilipokutana na ardhi palikuwa sawasawa na macho yake, na jicho lake halikuona uongo wowote. Lilikuwa limerudi njiani kwenda shule. Ilibidi Rwamba, kando yake, ainame na kushika magoti.

"Wewe unaona nini ukisimama?"

"Kitambaa tu. Ili nione, lazima niiname."

"Mgongo utakuuma."

"Utauma."

Mwisho wa reli kulikuwa na stesheni mpya, na kibao chake kidogo kiliandikwa KIANJAI. Jukwaani walisimama punje mbili za watu, mmoja mrefu kupita kiasi. Huyo mrefu alibeba kitu cha kijani kifuani. Kinya aliinama karibu. Kilikuwa kitita cha miraa, cha nyuzi, kimeviringishwa kwa kipande cha jani la mgomba, kama kile ambacho mchumba wa Kimeru hupeleka kwa wazazi kuomba binti.

"Nani alikuonyesha hii?"

"Mzee mmoja wa soko la miraa, Kangeta. Alinicheka sana."

"Alikuwa na haki. Umekifunga kama kuni." Akakigusa kwa ncha ya kidole. "Ukipeleka kitu kama hiki kwetu, utarudishwa kutoka langoni."

"Nifundishe kufunga, basi."

Kinya akatazama saa. Ilikuwa saa nane na nusu. Alimpigia shangazi, akamwambia atafute mtu mwingine wa studio, na shangazi alipofoka alimsikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Kisha akampigia Zuleka afungue maboksi. Zuleka alipiga kigelegele hadi Rwamba akakisikia.

"Washa treni," Kinya akasema, akifuta macho kwa ncha ya leso. "Halafu uniletee pasi na hizo suruali zako zote. Babangu hawezi kumwoza binti yake kwa mtu wa mistari miwili."