Karanga za Biskuti za Merdi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla magari makubwa ya mgodi hayajaanza kutimua vumbi barabarani, Tshibola alifagia ua, akaunyunyizia maji, kisha akafunika vyombo kwa kitambaa. Bila kitambaa, vumbi la Kolwezi, mji wa migodi, huingia hata kwenye maji ya kunywa. Tshibola alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake, Mama Charlotte, aliuza karanga za kusaga sokoni, kwa hiyo kinu na ungo alivizoea tangu utotoni.

Jumamosi hiyo alifagia haraka kuliko kawaida. Kesho yake jamaa wangekutana kumpokea Merdi, mtoto wa shangazi yake, tantine Laurentine. Merdi, mwenye miaka minne, alikuwa amelazwa hospitalini kwa muda mrefu kwa ugonjwa wa ini, macho yakiwa manjano kabisa. Sasa alikuwa amerudi nyumbani.

Umeme ulikuwa umekatika tangu katikati ya wiki, na hakuna aliyeweza kuoka keki. Tshibola ndiye aliyepata wazo.

"Mi nitatengeneza biskuti," alimwambia tantine Laurentine. "Hazihitaji oveni. Unachemsha sukari, kakao na maziwa kwenye mbabula, jiko la makaa, unatia karanga za kusaga na biskuti kavu zilizopondwa, halafu unadondosha kwa kijiko juu ya karatasi. Zikipoa, zinaganda zenyewe."

"Bila oveni!" tantine Laurentine alishangaa. "Basi Merdi nitamwambia asubiri biskuti za dada yake mkubwa, yaya Tshibola."

Mama Charlotte alikuwa anakwenda kwenye kilio cha jirani. Kabla ya kutoka, alifungua gunia la karanga lililokuwa pembeni ya mlango. Baba alilileta kutoka Sandoa, na njiani lori lilikwama kwenye matope huku mvua ikinyesha.

"Angalia," alisema, akitandaza karanga kiganjani. "Hii ni nzuri. Hii imesinyaa, na hii ina ukungu wa kijani. Chagua moja moja kabla ya kukaanga. Zile mbaya usiwape hata kuku. Tumesikilizana?"

"Ndiyo, mama."

Tshibola aliketi na kuanza kuchagua. Mwanzoni alikuwa makini. Kila karanga aliigeuza, akaikagua, akaitupa kushoto au kulia. Lakini kazi haikuwa inapungua. Mgongo ulimuuma, jua likahamia upande wake, na ungo ulikuwa bado umejaa.

Ndipo Myriam, rafiki yake, akachungulia juu ya ukuta. "Tshibola! Kwaya inaanza sasa hivi. Leo wanachagua atakayeimba peke yake!"

"Sijamaliza karanga."

"Utamaliza saa ngapi? Bado hata hujawasha moto."

Tshibola aliutazama ungo. Karanga nyingi zilionekana nzuri tu. Chache zilizobaki na ukungu, alijiambia, zingepotea ndani ya kakao. Alimimina zote kwenye sufuria, zilizochaguliwa na zisizochaguliwa, akakaanga, akapepeta maganda, akatwanga upesi upesi.

Alipoonja, ulimi ulikutana na uchungu kidogo nyuma ya utamu. Aliongeza sukari. Akaonja tena, akaongeza kakao. Uchungu ulijificha. Muda si mrefu karatasi ilijaa biskuti nyeusi zinazong'aa, za mviringo, nzuri kama za dukani. Alizifunika, akakimbilia kwaya.

Jioni mama alirudi amechoka, macho yamevimba kwa kulia. Aliinua kitambaa, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kumbe unaweza! Na karanga ulichagua zote?"

"Nilichagua, mama," alijibu Tshibola. Neno lilitoka jepesi. Alipolala ndipo lilipoanza kumsumbua.

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, ua wa tantine Laurentine ulijaa watu. Tata Hénock, baba yake Merdi, anayechimba kwenye mgodi wa Mutoshi, alikuwa amevaa shati jeupe, ingawa vumbi jekundu la shimoni lilikuwa bado kwenye kucha zake. Merdi alikaa mapajani mwake. Miguu ilikuwa myembamba, shingo imekonda, lakini macho yalikuwa meupe tena. Baba yake alimgeuza kwa kila mgeni aliyefika, ili mgeni aone macho hayo.

"Daktari alisema ini lake limechoka sana," tantine Laurentine aliwaeleza wageni. "Chakula chake nakichunguza kama mlinzi. Soda sikumpa. Nyama ya kuchoma sikumpa. Lakini biskuti za Tshibola atakula. Zimetengenezwa nyumbani, najua mkono uliozitengeneza."

Wageni walipiga makofi. Mama Charlotte alimtazama binti yake kwa fahari. Sahani ikapelekwa kwa Merdi kwanza, kabla ya watu wote. Mtoto alichagua biskuti kubwa kuliko zote, akaishika kwa mikono miwili, akafungua mdomo.

"Asile!" Tshibola alipiga kelele.

Alikuwa amekwisha kuinyakua. Merdi alimtazama kwa mshangao, kisha akaanza kulia kwa sauti.

"Weye, una nini?" Tata Hénock aliuliza kwa ukali.

Tshibola aliirudisha biskuti sahanini. "Karanga... mi sikuchagua zote. Zilikuwa na ukungu. Niliongeza sukari ili uchungu usisikike. Na mama nilimdanganya."

Mama Charlotte alichukua biskuti moja, akaumega ukingo, akatafuna polepole, kisha akatema kwenye leso. Hakumkemea mwanawe mbele za watu. Alikusanya biskuti zote, akazitumbukiza chooni. Tshibola alisimama hapo hapo, amejikumbatia, akimsikiliza Merdi akilia kwa sababu ya kitu alichoahidiwa. Tantine Laurentine alimbeba mtoto, akaingia naye ndani.

Nyumbani, mama alizungumza kwa sauti ya chini, jambo lililomuumiza Tshibola kuliko fimbo.

"Sumu ya ukungu ule haifi kwa moto, wala haimalizwi na sukari. Inaliharibu ini polepole. Labda biskuti moja isingemdhuru. Mi sijui, na wewe hujui. Lakini uchungu uliuonja, ulimi wako ulikuambia ukweli. Ukaunyamazisha."

Siku mbili baadaye, Tshibola alitoka shule, akavua sare, akachukua ungo bila kuambiwa. Myriam alimwita, akamjibu, "Leo siendi." Aliketi akichagua mpaka kivuli cha nyumba kikaufunika ua wote. Karanga nzuri zilizobaki zilijaa bakuli dogo tu, na biskuti zilizotoka hazikufika hata nusu ya zile za kwanza. Alimpa mama yake aonje. Mama alionja, akatikisa kichwa kukubali.

Tantine Laurentine alimkuta mlangoni pake, ameshika sahani ya biskuti.

"Nilikasirika sana," alisema. "Usiku ule nilimwambia Hénock sitapokea tena chakula kutoka kwako."

"Ninaelewa, tantine." Tshibola aliinamisha kichwa, akageuka kuondoka.

"Ngoja, sijamaliza. Halafu nikafikiri. Ungeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini ulikubali kuaibika mbele ya watu wote ili mwanangu asile sumu. Biskuti zako ni za haraka, mwanangu, lakini kuchagua karanga si jambo la haraka, na uaminifu vilevile. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijafika mdomoni mwa mtu mwingine. Aibu inapita. Ini la mtoto halinunuliwi sokoni."

Kisha akaipokea sahani na kumwita Merdi. Hakuonja kwanza, wala hakuinusa. Alimpa mtoto biskuti mkononi, na wote wawili wakakaa kizingitini kumtazama akila.