Umechomeka Kifaa Gani?

Asubuhi moja ya baridi ya Julai, jirani yetu Simeon wa mtaa wa Skuta alikunywa chai yake, akavaa kofia ya sufu, akaketi mbele ya kompyuta kuitafuta sauti iliyopotea.

Simeon alikuwa MC wa harusi. Sura alinyimwa, yeye mwenyewe husema. Mungu alimwekea kila kitu kooni. Koo hilo lilimtembeza Mombasa, Eldoret, hadi Kisumu, alikokwamwa na mfupa wa samaki aliyemdokoa katikati ya kuombea chakula. Aliyeutoa, kwa vidole vyake, ni Kingori.

Kingori alikuwa rafiki yake tangu ujana, MC pia, ila sauti yake ilikuwa kama lango lisilotiwa mafuta. Ndiye aliyemletea kompyuta hiyo mpaka mlangoni, mfumo wa Linux ukiwa tayari ndani, akamhimiza arekodi matangazo yake humo. Simeon alitokwa na machozi. Ndugu wa tumbo moja angefanya hivyo?

Sasa spika zilikuwa bubu. Kila alipofungua mipangilio ya sauti, mashine ilishikilia neno moja: hedfoni zimechomekwa. Alichungulia nyuma. Tundu lilikuwa tupu. Akalipuliza, akalisafisha kwa pamba na spiriti, akazima, akawasha. Akaingia alsamixer, programu ya kurekebisha sauti, na kuondoa ile amri inayonyamazisha spika hedfoni zikiingia.

Amri ikajirudisha yenyewe. Zimechomekwa.

"Basi kuna mtu anasikiliza," alimtania mkewe.

Wakonyo hakucheka. Alimwambia sauti yake inakwaruza siku hizi, anywe tangawizi.

Simeon akampigia Kingori. Kingori alieleza kwamba kuna kidude ndani ya tundu kimekwama, si kitu, aendelee kurekodi.

"Usiguse hiyo shimo," alisema. "Wewe ongea tu, ndugu yangu. Ongea mingi."

Simeon alikata simu akishangaa jinsi sauti ya rafiki yake ilivyolainika. Labda ni asali, aliwaza.

Alasiri ukungu ulishuka, ukafunika ua. Dirisha dogo likajitokeza kwenye skrini. Umechomeka kifaa gani? Hedfoni. Maikrofoni.

Mcheshi ni mcheshi hata akiwa peke yake. "Haya, mgeni," alisema, "umesikiliza ya kutosha. Sasa sema wewe." Akabofya Maikrofoni.

Kitu kilipumua.

Kisha spika zikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa yake. Yake kabisa. Ilikuwa ikimkaribisha bibi harusi kwa jina, vigelegele vikiipokea. Ikasimulia mfupa wa samaki. Watu wakaangua kicheko. Simeon hakuwahi kurekodi kisa hicho.

Wakonyo alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Hiyo ni harusi ya Nyawira wa kanisani kwetu," alinong'ona. "Iko Gatitu. Iko saa hii. MC ni Kingori."

Vicheko vikakatika. Mtu akasogea karibu sana na maikrofoni.

"Usichomoe, ndugu yangu," sauti ya Simeon ilimwambia Simeon. "Imebaki kidogo tu."

Alitaka kupiga kelele. Ilitoka hewa. Akang'oa waya ukutani. Skrini ikafa. Sauti haikufa. Iliendelea, tamu, bila haraka, ikaombea chakula mpaka mwisho, ikasema amina.

Mashine aliipasua kwa shoka. Ndani ya tundu hamkuwa na kitu.

Leo Kingori anaalikwa hadi Nanyuki na Meru, na watu husema ana koo la dhahabu. Simeon huandika anachotaka kusema kwenye simu na kumwonyesha Wakonyo. Aliandika mara moja tu kuhusu rafiki yake: Alijua njia tangu ule mfupa. Nilimfunulia mdomo mwenyewe.

Wakonyo alimpeleka kwa daktari. Daktari alimulika kooni kwa tochi. Akamulika tena. Akamwita mwenzake, naye akachungulia, akarudi nyuma hatua moja. Nyuma kabisa ya koo palikuwa na tundu dogo la mviringo, kingo zake laini, bila damu wala kidonda.

"Mzee," daktari aliuliza polepole, "umechomeka nini hapa?"