Sauti ya Bwana Shekhan

Haya yalimpata shoga yangu Tima, huko Mbwajumali, mwaka niliojifungua mwanangu wa kwanza. Mumewe, Bwana Shekhan, alikuwa na sauti ya kuyeyusha moyo, na Tima alimkataza kabisa kuimba harusini, wanawake wengine wasije wakamsikia.

Alasiri moja alikwenda kuazima kinu kwa jirani yao wa ukuta mmoja, Jamila, mjane kijana. Alipofika ukumbini akasikia sauti ya mumewe kutoka chumba cha ndani, ikiimba wimbo wa mapenzi aliomtungia yeye Tima, taratibu, kama anayembembeleza mtu. Tima akaingia kwa wivu chumbani humo, mlimokuwa na giza. Wimbo ukakatika. Akapapasa kitanda na pembe zote, asimguse mtu ila Jamila.

“Mume wangu yuko wapi?”

“Mumeo? Niko peke yangu, Tima.”

Akakimbia kwake. Shekhan alikuwa ameketi ndani akisuka kamba.

“Umetoka kwa Jamila!”

“Wallahi, sijapita ndia ya huko leo.”

“Basi niimbie wimbo wangu.”

Shekhan akacheka, akafungua kinywa. Midomo ikacheza, koo likapanda na kushuka, lakini hakutoa sauti. Wimbo wenyewe ukasikika, kwa sauti yake ileile, ng’ambo ya ukuta, chumbani kwa Jamila.