Bi Mtulivu na Muhuri wa Dukani

Mpiga chapa alikuwa na muhuri aliouthamini kuliko simu yake: IMEKAGULIWA. Hakuna karatasi iliyotoka dukani mwake bila muhuri huo. Kwa hiyo siku mtafiti wa wanyamapori alipojipenyeza kwenye foleni, shati jeupe limelowa jasho, akitaka ramani yake haraka, yule dada mpiga chapa alimkagua toka kichwani hadi viatuni.

"Haraka ya nini, kaka?"

"Samahani, dada. Ila ukinitazama hivyo, hata mimi nitahitaji muhuri."

Foleni nzima ilicheka. Miezi minane baadaye mtafiti alimchumbia dada, naye akaomba wiki moja ya kufikiri. Mchumba wa kwanza alimwacha kwenye mataa, na safari hii hakutaka kubahatisha.

Siku ya tano, akikatakata vitunguu jikoni kwa mtafiti, alimsikia akiongea na simu sebuleni.

"Bi Mtulivu hajabadilika, bwana. Toka zamani ni yuleyule! Kigeugeu ana joto siku hizi, mfute. Jumamosi nakwenda kwa Bi Mtulivu."

Kisu kilimponyoka. "Nani huyo?"

"Aa, kazi tu, mpenzi."

Kazi! Hata yule wa kwanza alikuwa na kazi nyingi. Alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Simu kumi na moja hakuzipokea. Ya kumi na mbili akapokea.

"Kosa langu nini, mpenzi?"

"Kamuulize Bi Mtulivu wako!"

Mwanamume akaangua kicheko. Alicheka, jamani! Dada alimkatia simu hapohapo, na usiku kucha hakupata usingizi kwa uchungu.

Asubuhi iliingia kazi ya ramani kutoka kwake. Kazi ni kazi, akaiweka kwenye mashine. Karatasi ikatoka polepole: milima, kila mmoja na jina la utani. Kigeugeu, mwekundu. Bi Mtulivu, kijani kibichi, na maelezo chini yake: *Hali ya hewa haijabadilika sana kwa miaka elfu ishirini. Joto likizidi kwingine, wanyama watapata kimbilio hapa.*

Mtafiti alikuwa ameshasimama mbele ya kaunta.

"Mlima?"

"Mlima."

"Mlima *haujabadilika*! Wewe ulisema *hajabadilika*!"

"Tumeizoea kama watu, mpenzi."

"Jumamosi twende wote. Nikamwone."

"Twende. Na jibu langu?"

"Mimi si mlima. Nabadilika."

"Kila saa! Nimekupima miezi minane, na bado nakutaka."

Dada alimshika mkono, akampiga muhuri kiganjani. IMEKAGULIWA. Kisha akaurudia, maana wa kwanza haukukolea vizuri.