Sinema Yetu Ilihamia Mtandaoni, Mume Wangu Akahamia Kwingine

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Lunyo. Ninaishi Busia, upande wa Uganda, na watoto wangu wawili, Taaka na mdogo wake. Zamani mjini waliniita mama sinema. Siku hizi nikipita sokoni kuna wanaonitazama, kisha wanainamisha macho... Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu. Leo nalitoa, labda litamfaa mwenzangu mmoja.

Mume wangu Wandera kwao ni upande wa Kenya, kijiji kisicho mbali na mpaka. Tulipooana tulikodi jengo la mabati karibu na stendi, tukapanga mabenchi, tukatundika skrini, tukaanza kuonyesha filamu. Hatukutaka kufanana na vibanda vingine vyote vya video. Sisi tulipenda filamu za vijana wa huku kwetu, hasa za Othieno, kijana wa Tororo aliyetengeneza filamu zake kwa Kipadhola, lugha ya kwao, akiwaigizisha ndugu na majirani.

Wateja wetu walikuwa mchanganyiko: Wasamia, Wateso, Waluo, wafanyabiashara kutoka Kenya. Kwa hiyo Wandera alishika maiki na kutafsiri kwa Kiswahili huku filamu ikiendelea. Mungu alimpa sauti mtu yule. Aliweza kuwa mzee, mtoto, hata mbuzi aliyekataa kuvuka mto, na watu wakacheka hadi mabenchi yakatikisika.

Na kila mwanamke mwema katika filamu alimpa jina langu. Hata kama mwenye filamu alimwita vinginevyo, kwa Wandera alikuwa Nafula. Watu waligeuka kunitazama mlangoni nilikosimama. Niliona haya, lakini nani hapendi kupendwa mbele za watu?

Kisha ikaja korona. Sinema zikaamriwa kufungwa. Wakati huohuo mama mkwe alikuwa mgonjwa, na Wandera alikuwa amevuka kwenda kumwangalia kwa siku chache. Mpaka ukafungwa akiwa hukohuko.

Mwanzoni nililia. Baadaye nikajiambia, kulia hakufungui mlango. Wazo la kupeleka sinema mtandaoni lilikuwa langu. Nilimpigia Othieno, naye na wenzake wakakubali tuonyeshe filamu zao. Nikamwambia Wandera afungue ukurasa kwa simu yake, kwa kuwa kwao mtandao ulikuwa na nguvu kuliko kwangu. Mimi nikawa natafuta filamu, namtumia, nawatangazia watu. Yeye akawa anazirusha kila Jumapili mchana, akitafsiri moja kwa moja.

Ndugu zangu, sikutarajia yaliyotokea. Watu wa Masinya na Sikuda waliokuwa wamefungiwa nyumbani walitazama. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni Malaba walitazama wakiwa ndani ya malori yao. Walituandikia kwamba saa hizo mbili wanasahau njaa na woga. Mimi nilikaa peke yangu ndani ya jengo letu tupu, simu mkononi, nikimsikia mume wangu akisema, "Na huyu ndiye Nafula, mwanamke wa maana," nami nikatabasamu kama msichana.

Miezi ikapita. Wengine walivuka kwa njia za panya, na mimi nikamwambia Wandera nataka kufanya hivyo, hata kwa siku moja.

"Usijaribu, Mama Taaka," akaniambia. "Ukishikwa, watoto watabaki na nani?"

Nilishika simu ile kifuani. Nilidhani ni mapenzi yanayosema vile.

Jumapili moja tulionyesha filamu ya mwanamke anayeuguza mkwewe. Nilingoja jina langu. Wandera akasema, "Nekesa anampikia mama uji." Nekesa? Nilifikiri ameteleza. Lakini ilikuwa Nekesa mpaka mwisho. Watazamaji wakaanza kuandika kwa utani, wakiuliza Nafula amekwenda wapi. Nikamsikia mume wangu akicheka kwenye maiki.

"Nafula amesafiri," akasema.

Nilipompigia alisema watu wamechoka na jina moja, biashara inahitaji ladha mpya. Nikakubali... Jumapili iliyofuata kulikuwa na sauti ya pili, ya mwanamke, ikitafsiri maneno ya wanawake wa kwenye filamu. Alikuwa hodari, sitasema uongo. Watu walimsifu. Wandera aliniambia ni binti wa jirani aliyejitolea kumsaidia. Nami, kwa ujinga wangu, niliandika pale chini, "Asante dada, karibu kwenye familia yetu."

Mnaona nilivyojichimbia shimo?

Aliyenifungua macho ni Othieno. Alinipigia kutoka Tororo, akawa anazungukazunguka kwa maneno kama mtu aliyebeba kitu cha moto.

"Mama, samahani," akasema. "Kuna mtu alinipigia jana, anataka filamu mpya. Alisema yeye ni bibi ya Wandera. Mimi nikafikiria ni wewe. Lakini sauti si yako."

"Alisema jina lake?"

"Nekesa," akasema.

Nilimshukuru, nikakata simu. Nikakaa kwenye benchi la mbele. Nilitaka kumpigia Wandera, nikashindwa. Niliogopa atakubali.

Kabla sijapata ujasiri, mama mkwe akafariki. Mama yule alinipenda. Nilipojifungua Taaka, ni yeye aliyevuka na kuku na unga wa wimbi, akaniogesha kwa mikono yake. Nami sikuweza kwenda kumzika. Wandera alisema maziko yatarushwa kwenye ukurasa wetu, ili ndugu wa Uganda nao waone.

Nikawavalisha watoto nguo zao za kanisani. Tukakaa watatu mbele ya simu, ndani ya sinema yetu. Watu hawakuwa wengi, wote wamefunika midomo. Anayepiga picha akazungusha simu polepole... jeneza, mchungaji, watoto wa marehemu. Halafu wakaonyeshwa wakwe za marehemu, wamekaa kwenye mkeka. Mahali pangu, pembeni ya mke wa shemeji mkubwa, alikaa mwanamke kijana amejifunga leso. Tumbo lake lilikuwa kubwa.

Mchungaji akawataja wakwe, mmoja mmoja. Alipofika kwake alisema, "Na Nekesa, mke wa Wandera, aliyemuuguza mama mpaka mwisho." Hakuna aliyemsahihisha.

Taaka aliniuliza, "Mama, mbona hawakutaja wewe?"

Nilimwambia mtandao umekata. Lakini haukuwa umekata. Nilitazama mpaka udongo wa mwisho.

Mpaka ulipofunguliwa nilivuka kwa miguu. Kwanza nilikwenda kaburini, pale uani kwao, nikamlilia mama. Kisha Wandera akatoka nje, akasimama mbali nami kama mgeni. Ndani mtoto mchanga alikuwa analia.

"Sikupanga, Nafula," akasema. "Wewe ulikuwa unanipigia kunipa kazi. Yeye alikuwa hapa. Mama akiugua usiku, alikuwa hapa."

"Mpaka niliufunga mimi?" nikamuuliza.

Sikumwona Nekesa siku ile, na sikuomba kumwona. Nilirudi nilikotoka.

Ukurasa ulibaki kwake. Watazamaji pia walibaki kwake, kwa maana walizoea sauti, hawakunijua mimi niliyekuwa nyuma yake. Sinema ziliporuhusiwa kufunguliwa, nilipangusa mabenchi, nikafungua. Othieno alikataa kumpa Wandera filamu nyingine, akaniletea mimi mpya, akaniomba nishike maiki mwenyewe. Nilijaribu. Nilikwenda vizuri mpaka mahali mume anapomuaga mkewe njiani. Pale sauti ilinikatika. Filamu ikaendelea kwa Kipadhola, wengi hawaelewi, na hakuna aliyelalamika. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akasema kwa upole, "Mama, pumzika."

Hilo lilikuwa onyesho la mwisho. Jengo sasa linatumiwa na mfanyabiashara wa mahindi. Mimi ninauza chakula karibu na stendi. Watoto wanasoma. Wandera huwapigia wakati mwingine, nami huwapa simu, nikaenda nje.

Wasomaji wenzangu, sikuandika haya ili mumlaani. Nimewaza sana nilikopotea. Nilihesabu kuwa ninapendwa kwa sababu nilisikia jina langu likitajwa mbele za watu. Simu zetu zote zilikuwa za filamu ipi, saa ngapi, watu wangapi. Sikumuuliza amelalaje. Naye hakuniuliza. Je, alikuwa na haki ya kunitenda hivyo? Hapana. Hata leo nasema hapana.

Lakini wewe ambaye mwenzako yuko mbali, awe Nairobi, Juba, Uarabuni au ng'ambo tu ya mpaka kama wangu, nakuomba usifuate njia yangu. Usitosheke na salamu anazokutumia mbele za watu. Mpigie nyinyi wawili tu, hata siku ambayo huna la kumwambia.